Mgongo wa Baba Mkwe

Baba mkwe wangu nilimjua kwa miguu kabla ya kumjua kwa uso, na huo uso hata leo nikiulizwa nitausimulia kwa kubahatisha. Kwetu Wakurya mkamwana hamtazami baba wa mume wake machoni, hapiti mbele yake, halitaji jina lake, na kubwa kuliko yote, hali chakula mbele yake, wala yeye hali mbele ya mkamwana. Hiyo ndiyo soni. Hufundishwi kwa fimbo. Unaolewa unaikuta, kama unavyoukuta mlango wa nyumba mahali ulipo.

Basi, miguu. Wa kushoto haukuwa na kidole kidogo. Kilibaki Matongo kwenye machimbo ya dhahabu, siku toroli la mawe lilipompandia alipokuwa kibarua huko kabla ya vita vya Hitla. Aliuburura kidogo, kwa hiyo hata vumbi la njiani liliniambia kama ametoka au bado yupo. Kikohozi chake nilikijua pia, kimoja, kikavu, alichokitoa kila alipokaribia nyumba yangu ili nipate kujifunika na kugeuka. Watu walimwita Nyamhanga. Mimi nilimwita Tata, kama alivyoitwa na mume wangu Nashoni, na hata hilo nililisema nikiwa nimeelekea ukutani.

Habari zake za zamani nilizipata kwa mama mkwe, Mokami, tukiwa tunapepeta ulezi. Baada ya vita vya kwanza, vile vya Mjerumani na Mwingereza, njaa iliingia milimani kwetu, naye akiwa kijana ambaye hajaoa. Mama yake, jina lake Robi, alipika kile kidogo kilichopatikana, akawagawia watoto, kisha akawaambia, "Mimi nilionja jikoni, nimeshiba." Walimwamini. Asubuhi moja hakuamka.

"Tangu hapo," Mama Mokami aliniambia, "mtu akimwambia ameshiba, hamwamini. Hata mimi. Anafunua chungu aone."

Nilipojifungua binti, Tata alimpa jina hilo, Robi. Lakini hakumwita Robi. Alimwita Mama. Utamsikia huko nje, mzee wa mvi, "Mama ameamkaje? Mama analia nini?" nami ndani nacheka na kanga mdomoni, maana huyo mama yake alikuwa ametoka kunikojolea mgongoni.

Robi alipopita miaka miwili nilikuwa na mimba nyingine, nikamwachisha ziwa. Tata akaagiza kwamba kuanzia hapo Mama ale kwake, chombo kimoja na yeye, mchana na jioni. Ilikuwa heshima ambayo hata wajukuu wa kiume hawakuipata.

Na hapo ndipo mtoto alipoacha kula.

Mama Mokami alimchukua akipiga kelele, alimrudisha akiwa kimya, na tonge limekauka shavuni halijatafunwa. Uji wa asubuhi niliompa mimi ndio uliomshikilia. Shingo ikawa nyembamba, macho yakawa makubwa. Mimi nilikuwa na wazo langu. Robi tangu anaota meno alikuwa akitazama mdomo wangu. Nikitafuna, anatafuna. Nikimeza, anameza. Hakujua kula peke yake. Lakini saa ya chakula ndiyo saa ambayo mimi siwezi kuwapo alipo babu yake. Nani nitamwambia hayo? Nilimwambia mama mkwe, akaacha kupepeta.

"Mtoto anakula na mzee, hiyo ni baraka. Wewe unataka kuikata?"

Nilimwambia Nashoni aliporudi Jumamosi. Yeye ni fundi wa kushona nguo, anaketi na cherehani kwenye baraza la duka la Mhindi pale Tarime, na akiwa nyumbani hapendi maneno.

"Nimwambie nini Tata, Gati? Kwamba mkono wake una sumu?"

"Sikusema hivyo."

"Atasikia hivyo."

Kisha, wiki ya kuelekea Noeli, Mama Mokami alikuja kwangu akitazama miguu yake mwenyewe. Alikuwa ametumwa na Tata. Sikukuu ikishapita, Robi apelekwe Mbalibali kwa Mogesi, dada yake Tata, mwenye ng'ombe wengi wa maziwa. Akae huko mpaka anenepe.

Mbalibali ni ng'ambo ya Mto Mara. Mvua zilikuwa zimeshashika. Mtu akivuka mto ule wakati huo harudi mpaka utakapopenda wenyewe kupungua, na mtoto wa umri ule akikaa hivyo, akirudi anamwita mama yake "yule."

"Ni kwa uzuri," alisema Mama Mokami.

Nikasema ndiyo. Ningesema nini?

Siku ya Noeli yenyewe ilikuwa Nashoni ameshaipanga zamani. Tata hajawahi kula hotelini maisha yake yote, na mwaka huo, baada ya misa, lazima ale. "Aone tunavyokula mjini," alisema, na alikuwa amemshonea babaye kiraka kipya kwenye koti. Mama Mokami alibaki, kwa sababu kulikuwa na ng'ombe wa kuzaa. Tukateremka kutoka kwetu Turwa, Tata mbele, Nashoni nyuma yake, na mimi nyuma kabisa, Robi mgongoni. Sikumsikia uzito. Kila hatua chache nilimpandisha juu nikidhani amechomoka. Mawingu yalikuwa yamekaa upande wa mto, nami nilikuwa nikiyatazama zaidi ya njia, nikijikwaa.

Hoteli ilikuwa chumba kimoja cha udongo uliopakwa chokaa, bati juu, mabenchi, na nyuma ua wa jiko uliozungushiwa uzio wa mabua. Mwenyewe alikuwa mtu wa Tabora, kanzu imelowa jasho, kofia imeteremka kisogoni. Nashoni alikuwa amekwishapatana naye: wanaume wale mbele, mimi na mtoto tukae uani. Lakini yule mtu wa Tabora alimpenda Nashoni, na alitaka kumfurahisha kupita mapatano. Tulipoingia tukakuta meza ya katikati imetandikwa kitambaa cheupe, na juu yake sinia moja kubwa la pilau linatoa moshi.

"Fundi wangu!" alisema akifungua mikono. "Uani leo kuna moshi, sikubali. Nimewawekea sinia moja. Baba, mume, mke, mtoto, kaeni mle pamoja kama watu wanaopendana. Si ndiyo Noeli yenu?"

Chumba chote kikacheka. Karibu wote waliokuwamo walikuwa Wakurya.

"Bwana Tabora, unataka kumwua mzee wa watu?" alisema mmoja na chapati mkononi.

"Mfunge kitambaa machoni, ale!" alisema mwingine.

"Afungwe yeye au afungwe mkwe?"

Mimi nilikuwa nimeshageukia mwimo wa mlango. Nilihesabu nyufa za mti, nikatamani ardhi inimeze. Nyuma yangu nilimsikia Tata akimwuliza mwanawe kwa sauti ya chini, bila hasira, "Huyu mtu hajawahi kuwa na mkwe?"

"Hajui, Tata. Ni wa mbali."

"Na haya ndiyo mnayokula? Mbona kama mayai ya siafu?"

"Ni mchele, Tata."

Mwenye hoteli alikuwa akiuliza huku na huku amekosa nini. Nashoni akajaza sahani haraka, akanipa bila kunitazama, akanionyesha mlango wa uani kwa kidevu. Nikamshika Robi mkono.

"Mama abaki," alisema Tata.

Nikauachia ule mkono. Nikatoka na sahani peke yangu.

Uani kulikuwa na mwanamke anachoma chapati, Agustina, mtu wa misheni yetu. Alinisogezea kibao cha kukalia.

"Kaa ule, dada. Leo sikukuu."

"Nitakaa."

Sikukaa. Nilikwenda hadi kwenye mabua, nikarudi. Niliweka sahani juu ya pipa, nikaiondoa. Kupitia pazia la mlango nilikuwa nasikia kila kitu. "Mama, fungua mdomo. Mama, hii ni nyama tu, angalia, haina mfupa." Kisha Robi akalia. Kisha sauti ya yule mwanamume mwenye chapati, "Mpe chai, mzee!" na mwingine, "Huyo anataka ziwa la mama yake!" na wote wakacheka tena. Tata hakucheka. Nilimsikia akisema, "Mama, kidogo tu. Kwa ajili yangu mimi."  Na kitu kidogo kikaanguka sakafuni, laini, kama tonge.

"Una miiba wewe?" Agustina aliniuliza. "Mbona hutulii? Yupo na babu yake, si yupo na fisi."

"Wanampeleka Mbalibali," nikasema. Nilikuwa sijamwambia mtu wa nje.

"Kwa nini?"

"Hali chakula."

Agustina aligeuza chapati, akaibonyeza. "Na wewe unakula?"

Nilitazama ile sahani. Ulikuwa wali wa sikukuu, wenye nyama na viungo ambavyo mimi mwenyewe sikuwahi kuvionja. Nikachota tonge nikalitia mdomoni, si kwa njaa, kwa kuwa mwanamke wa watu alikuwa ananitazama.

Pazia likatikisika chini. Robi akatoka kwa mikono na magoti, nguo yake ya sikukuu imepakaa mchuzi wa mabenchi yote aliyopita chini yake. Alisimama mbele yangu akautazama mdomo wangu. Taya langu likienda, lake likaenda, tupu. Kisha akafungua.

Nilimpa. Akatafuna, macho hayatoki kwangu. Akameza. Akafungua tena. Nikaketi chini mavumbini na sahani mapajani, tonge langu, tonge lake, langu, lake, haraka haraka, kama wezi. "Amu," alisema. Alitaka kusema tamu. Nikamwaga wali kwenye kanga, akauokota akaula.

Tata alikuwa anamfuata mtoto. Robi alikuwa amempotea kati ya miguu ya watu, naye mzee kwa hofu ya kumpoteza hakukumbuka kukohoa. Pazia lilifunguka ghafula na akawa amesimama pale, na mimi nimeinua uso, mdomo umejaa.

Nadhani tuliangaliana. Sina hakika. Nakumbuka weupe wa ndevu na kitu kama mshangao wa mtoto. Agustina alijifunika uso kwa mkono wenye unga, akasema, "Yesu na Maria." Nyumbani kosa la namna hiyo lina maneno yake, wazee huitwa, huulizwa nani alianza. Nilibaki na lile tonge mdomoni, siwezi kulimeza, siwezi kulitema.

Tata aligeuka. Nilimtegemea aondoke, kama inavyotakiwa. Hakuondoka. Alisimama pale pale, mgongo kwetu, uso ukielekea mabua ambako kuku wawili walikuwa wanaparura. Niliuona mgongo wake karibu kwa mara ya kwanza, na kiraka kipya cha Nashoni kwenye bega, na bega lenyewe lilikuwa dogo kuliko nilivyofikiri.

Robi alinivuta kidevu. Alikuwa anangoja. Kama nisingetafuna, asingetafuna.

Nikatafuna. Nikameza. Nikachota tonge lingine nikala, nyuma ya mgongo wa baba mkwe wangu, hatua tatu tu, asikie asisikie, na mwanangu akala. 

"Mama," alisema Tata, akiwaambia kuku. "Unakula?"

"Nakula," alisema Robi.

"Unakula nini?"

"Nyama."

"Nani anakupa?"

"Mama."

 Kuku mmoja akamkimbiza mwenzake. Nilidhani sasa atakwenda.

"Mama," alisema tena, "mbona kwangu huli?"

Robi hakumjibu, alikuwa na kazi. Swali likabaki hewani, na mimi nikajua kwamba halitaulizwa tena, si kwetu, si mahali popote ambapo ninaruhusiwa kulisikia. Mkamwana hamjibu baba mkwe. Lakini mtu anaweza kusema na mtoto wake.

"Robi," nikasema, na sauti ilitoka kama si yangu. "Mwambie babu, Robi hali peke yake. Robi hula akimwona mama yake anakula. Mwambie babu si mkono wake. Mkono wake ni mzuri. Ni kwamba mama yake hayupo."

"Babu," alisema Robi, akaishia hapo, akafungua mdomo.

Agustina alikuwa ameacha chapati iungue. Harufu ilijaa uani na hakuna aliyeijali.

Pazia likafunguka tena, akatoka Nashoni akiwa na bakuli la nyama. "Tata, chakula kinapoa, watu wana..." Akaniona. Akamwona babaye. Bakuli likainama mchuzi ukamwagikia kiatu. "Tata!"

"Geuka," alisema Tata.

"Tata, hapa si..."

"Geuka, mwanangu. Hapa kuna mtu anakula."

Nashoni aligeuka. Wakasimama wawili, baba na mwana, wakiwatazama kuku wa mtu wa Tabora kama wanunuzi. Wakati mwingine wowote ningecheka. Niliendelea kulisha, na kula, maana sasa sikuthubutu kuacha.

"Kesho umpate mtu anayevuka mto," Tata alisema, "umtumie Mogesi habari. Mtoto haendi."

"Lakini uliagiza, Tata. Mogesi ameshatenga hata ng'ombe wa kukamuliwa."

"Niliagiza mimi, naondoa mimi."

"Na kula kwake nyumbani?"

 Nilimwona Tata akiupeleka mguu mbovu mbele, akiurudisha. Miezi yote ile nilikuwa nikimwogopa kwa ajili ya mwanangu, na haikuwahi kunijia kwamba kuna kitu naye anakinyimwa.

"Atakula kwa mama yake," alisema. "Akimaliza, kama anapenda, aje kwangu kuota moto."

"Wazee wakisikia ya hapa leo?"

"Wamsikie nani? Wewe umeona nini?"

"Kuku," alisema Nashoni.

"Na mimi kuku."

"Na mimi chapati," alisema Agustina, "na zimeungua zote, sijui nani atalipa." Nikamsikia Tata akitoa sauti puani, karibu na kicheko, halafu akaenda zake ndani akiburura mguu, na ndani nikasikia watu wakimtania kwamba amechelewa, nyama imebaki mifupa, naye akiwajibu kwamba mifupa ndiyo ya wazee.

Njia nzima ya kurudi mvua ilitunyeshea. Robi alilala mgongoni, mzito sasa, au mimi ndiye niliyechoka. Nilikuwa nangoja atapike, kwa sababu tumbo lililozoea uji halijui pilau. Nilipapasa mgongo wake kila baada ya muda. Nilikuwa nangoja pia Tata asimame mbele huko ageuze neno lake, kwani hotelini mtu anaweza kusema jambo ambalo mlimani kwake halisemeki. Hakusimama.

Jioni nilisonga ugali. Mama Mokami alikuja mlangoni, mikono mbele, kumchukua mtoto kama siku zote.

"Tata hakukuambia?" nikamwuliza.

"Ameniambia." Aliitazama mikono yake, akaishusha. "Mikono ndiyo haijaambiwa." Alikaa kidogo, akamtazama Robi, ambaye ameshajisogeza kwenye goti langu. "Ng'ombe amezaa jike," alisema. Kisha akachukua chakula cha mzee akakipeleka peke yake kupitia uwanja wenye matope.

Nilimkatia Robi tonge, nami nikakata langu. Nilipaswa kufurahi na nilifurahi, lakini sikuweza kutulia mahali nilipokaa. Kutoka nyumba ya Tata nilisikia mlango ukifunguliwa, ukafungwa, baada ya muda ukafunguliwa tena, kama wa mtu anayengojea mgeni na hajui atakuja kwa njia ipi. Robi alinivuta mkono. Nikatia tonge mdomoni ili naye ale, nikatafuna, masikio yangu yakiwa kule.